Wema Wenye Daftari: Udugu na Biashara kwa Wachina

Yakizungumzwa maendeleo ya Wachina katika mabaraza yetu ya Pwani, hakosekani mtu wa kusema kwa yakini: "Wale wanashikana bwana, sisi hatushikani." Na wa pili naye hudakia: "Kushikana wapi! Hongo tu ile. Kwao huendi popote ila umtie mtu kitu mkononi." Kauli hizi mbili husikika katika kikao kimoja, na kahawa haijapoa. Mimi naona zote mbili zinakosea shabaha. Na kwa kuwa siku hizi watu wetu wengi, wake kwa waume, wanafuata bidhaa kule kule zinakotengenezwa, Guangzhou na Yiwu, kukosea huku si jambo la porojo za jioni tu. Ndani yake mna mtaji wa mtu, na pengine dhahabu ya mkewe iliyouzwa ili mtaji huo upatikane.

Wachina wenyewe wana neno lao kwa jambo hili. Kwa herufi za Kizungu huliandika guanxi, lakini sikio la Mswahili hulisikia "gwanshi", nami nitaliandika hivyo ili tusivunje ndimi. Maana yake ya kamusini ni uhusiano. Walakini si uhusiano wa kujuana kwa salamu na kupungiana mikono njiani. Gwanshi ina haki na wajibu ndani yake. Nikikuomba jambo huwezi kunikatalia hivi hivi. Na ukishanitendea, nina deni kwako, ijapokuwa hukunidai wala hukuandika mahali. Nikikaa miaka mitano bila ya kulilipa, hutanishitaki. Utanyamaza tu, na wengine watanyamaza pamoja nawe, nami nitajiona nagonga milango isiyofunguka.

Deni hilo ndilo moyo wa habari yote. Ni hisani, lakini ni hisani inayohesabiwa. Mtaalamu mmoja wa Kichina, Yunxiang Yan, alikaa katika kijiji cha Xiajia, kaskazini-mashariki ya Uchina, akachunguza zawadi tu: nani kampa nani, kwa sababu gani, na kiasi gani. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1996 ameeleza jinsi watu wa kijiji wanavyoandika orodha za zawadi wanazopokea katika harusi, mazishi na uzazi, wakaziweka. Siku ya shughuli ya mwenzao ikifika, orodha hufunuliwa ili kinachorudi kisiwe pungufu ya kilichokuja.

Mama zetu wakisoma haya huenda wakacheka, maana madaftari ya michango ya harusi hata sisi tunayo, na kila mwenye shughuli anajua ni nani aliyetoa na ni nani aliyekuja kula wali peke yake. Tofauti ni kwamba daftari la Mchina halikubakia harusini. Lilitoka likaenda dukani, kiwandani, na katika ofisi ya serikali.

Kisha kuna uso. Neno lao huandikwa sawasawa na mianzi yetu, ingawa halihusiani kabisa na mianzi ya kujengea. Uso ni heshima ya mtu mbele ya macho ya watu. Kumkosoa mwenye kiwanda mbele ya wafanyakazi wake, hata akiwa amekuletea vitasa vibovu, ni kumuumbua, na aliyeumbuliwa hatakuletea vitasa vizuri safari ya pili ili kukufurahisha. Kwa hili mtu wa Pwani hahitaji kupelekwa shule. Neno la kutahayari tunalijua tangu utotoni.

Sasa nirudi kwa yule bwana wa barazani anayesema kwamba Wachina wanashikana. Mwaka 1947 mwanachuoni maarufu wa Kichina, Fei Xiaotong, alitoa kitabu kidogo juu ya maisha ya mashambani kwao. Humo alitoa mfano wa jiwe linalotupwa majini. Mawimbi huenda yakitanuka kwa duara, ya karibu yakiwa na nguvu na ya mbali yakififia. Kila Mchina, alisema Fei, ni jiwe katikati ya maduara yake mwenyewe: kwanza wazazi na watoto, kisha jamaa, kisha watu wa kijiji, wale aliosoma nao, wale aliofanya nao kazi. Aliye nje ya mawimbi hana haki yoyote juu yake.

Hebu tulipime hilo vizuri. Maana yake ni kwamba Mchina hamshiki Mchina kwa kuwa ni Mchina. Humshika aliye ndani ya duara lake. Mtu wa Wenzhou na mtu wa Chaozhou, kila mmoja akisema lugha ya kwao, hawafahamiani hata kidogo, na sioni sababu ya mmoja kumkopesha mwenziwe bila ya mtu wa kati. Ilipoanzishwa soko la mtandaoni la Taobao mwaka 2003, shida ilikuwa hiyo hiyo: mnunuzi alichelea kumpelekea pesa mwuzaji asiyemjua, na mwuzaji naye alichelea kutoa mzigo kabla ya kuona pesa. Wote Wachina! Dawa iliyopatikana ni Alipay, ambayo ilizishika pesa katikati mpaka mnunuzi akubali kwamba mzigo umefika salama. Watu wanaoshikana wote kwa wote hawangehitaji chombo kama hicho.

MALI KAULI YA KICHINA

Hata hivyo ndani ya duara, gwanshi imefanya kazi kubwa ambayo si haki kuidharau. Wachina waliohamia nchi za Asia ya Kusini-Mashariki, wengi wao wakiwa maskini, walikuta benki za Wazungu ambazo hazikuwajua wala hazikutaka kuwajua. Wakakopeshana wenyewe. Kipimo chao kilikuwa sifa ya mtu ya kutimiza neno lake. Bangkok Bank, iliyoanzishwa mwaka 1944 na kuongozwa na Chin Sophonpanich tangu 1952, ilipata nguvu kwa kuwakopesha wafanya biashara wa Kichina ambao hawakuwa na hati za majumba wala hesabu zilizokaguliwa, bali walijulikana tabia zao. Benki hiyo ikawa miongoni mwa benki kubwa kabisa za upande ule wa dunia.

Sisi mambo haya tunayaita mali kauli: kuchukua bidhaa kwa neno la mdomo na kulipa baada ya kuuza. Duka nyingi za Mombasa na Unguja zilisimama kwa njia hiyo. Taria Topan, Mhindi tajiri wa Unguja katika karne ya 19, alimpa Tippu Tip bidhaa na mtaji wa kwendea bara, na bara kulikuwa hakuna polisi wala korti ya kumrudisha mdaiwa aliyeamua kupotea. (Biashara yenyewe ya pembe na watumwa haina cha kusifiwa, lakini tunazungumzia njia ya kukopeshana.) Basi tusijidanganye kwamba Mchina alizaliwa na siri ambayo Mswahili hakupewa.

Palipo na khitilafu ni katika kile kilichofuata. Kwa nini kwao jambo hili likawa kubwa hivyo? Wako wanaojibu kwa neno moja: Confucius. Ni kweli kwamba mafunzo ya mzee huyo, aliyefariki mwaka 479 kabla ya Nabii Isa, yanasimama juu ya mahusiano matano: mtawala na raia, baba na mwana, mume na mke, ndugu mkubwa na mdogo, rafiki na rafiki. Lakini utaratibu wa zamani wa Kichina ulimweka mfanya biashara chini kabisa, nyuma ya msomi, mkulima na fundi. Mafunzo yaliyomdharau mwenye duka hayawezi peke yake kueleza utajiri wa mwenye duka.

Mimi jibu naliona katika upungufu wa sheria. Katika Uchina wa kale, mabishano ya mizigo na madeni mara nyingi yaliachiwa koo, na vyama vya watu waliotoka mji mmoja. Baada ya mapinduzi ya 1949 mashaka yalibadilika sura tu. Nafaka, mafuta na nguo vikatolewa kwa vyeti vya mgao, na aliyejuana na mwuza nyama ndiye aliyekula nyama. Wachina wakauita mtindo huo kupita mlango wa nyuma, maneno yale yale tunayotumia sisi.

Halafu ikaja Desemba 1978, nchi ikaanza kufungua uchumi wake. Hapo pana kisa ambacho napenda kukitaja kwa sababu kinaeleza mengi. Kwa miaka kumi hivi, mtu aliruhusiwa kufanya kazi yake binafsi, lakini kampuni ya mtu binafsi yenye kuajiri zaidi ya watu saba haikuwa na mahali pake katika sheria mpaka mwaka 1988. Mwenye kiwanda cha viatu chenye watu arubaini afanye nini? Alikwenda kwa wakubwa wa kijiji au mtaa, akaandikisha kiwanda chake kana kwamba ni cha ushirika wa umma. Wachina waliita "kuvaa kofia nyekundu". Kiwanda ni chake, mtaji ni wake, lakini karatasini si chake. Sasa niambie, msomaji, siku mkubwa wa mtaa akigeuka, mtu huyo atasimama mbele ya hakimu gani aseme nini? Kinga yake yote ilikuwa ni ule uhusiano. Aliulisha, akaunywesha, akaupelekea zawadi kila sikukuu.

Wataalamu wawili, Katherine Xin na Jone Pearce, walilichunguza jambo hili na kuandika mwaka 1996. Waliona kwamba wakuu wa makampuni ya watu binafsi ndio waliotegemea kujuana kuliko wakuu wa mashirika ya serikali, na ndio waliotoa zawadi nyingi zisizorudi. Sababu iko wazi. Mwenye shirika la serikali alikuwa na ukuta wa kuegemea. Yule mwengine aliegemea watu.

MAUZO HUPANDA, FAIDA JE?

Hapa ndipo wapenda gwanshi wanapotakiwa kutulia wasikilize. Mwaka 2001 Seung Ho Park na Yadong Luo walichapisha uchunguzi wao juu ya makampuni 128 ya Uchina. Waliona kwamba gwanshi husaidia kampuni, hilo halina ubishi. Lakini msaada wake ulionekana katika kukua kwa mauzo. Katika kukua kwa faida haukuonekana sana.

Mimi sikushangaa hata kidogo, na sidhani kama mwenye duka yeyote wa Biashara Street atashangaa. Mjomba hukuletea wateja, lakini mjomba huyo huyo ndiye anayetaka apunguziwe bei, na mwanawe apewe kazi, na deni lake lingoje mpaka baada ya Idi. Kila mlango uliofunguliwa kwa hisani una gharama zake: chakula, zawadi, ajira ya mpwa asiyejua kuhesabu, na bidhaa unayoichukua kwa bwana fulani ijapokuwa ya jirani ni nzuri na rahisi zaidi. Kitabu cha mauzo kinajaa, na mwisho wa mwaka mfuko hauna uzito.

Wakati mwengine gharama huwa ni kampuni nzima. An Wang, Mchina aliyehamia Marekani, alianzisha kampuni yake huko Boston mwaka 1951, nayo ilikuja kuwa miongoni mwa makubwa katika mashine za kuandikia za ofisini na kompyuta, ikiajiri watu zaidi ya 30,000. Mwaka 1986 alimweka mwanawe Fred kuwa rais wa kampuni, huku wakuu wazoefu wasiokuwa wa ukoo wakinung'unika, na wengine wakiondoka. Mwaka 1989 ikatangazwa hasara ya zaidi ya dola milioni 400, na baba akalazimika kumwondoa mwanawe. Mzee Wang alifariki 1990, na 1992 kampuni ikaomba kinga ya mufilisi. Sisemi kijana huyo ndiye aliyeua kampuni peke yake, kwani mashine zenyewe zilikuwa zimepitwa na kompyuta ndogo za bei rahisi. Nasema kwamba mwana ndiye mtu wa duara la kwanza, na kumkataa ni vigumu kuliko kupoteza mamilioni.

Na mji wa Wenzhou? Huko ndiko gwanshi ilikofanya miujiza. Ni mji wa pwani wenye ardhi haba ya kulima, watu wake wakawa mafundi wa vifungo, viatu na swichi za umeme, na mtaji wao ulitoka katika upatu na mikopo ya jamaa. Lakini upatu huo una historia yake ya machozi. Katika wilaya ya Leqing, mwaka 1986, vyama vya upatu vilivyoahidi mapato makubwa mno viliporomoka na kuwaangamiza watu wengi. Robo karne baadaye, 2011, serikali ilipobana mikopo ya mabenki, wenye viwanda waliokuwa wamekopa kwa watu kwa riba za kutisha hawakuweza kulipa, na makumi yao wakatoroka. Waziri Mkuu Wen Jiabao ilimbidi aende Wenzhou mwenyewe mwezi wa Oktoba mwaka huo. Lililozidisha balaa ni kwamba makampuni yalikuwa yamedhaminiana, hii ikimdhamini ile na ile ikimdhamini ya tatu, kwa sababu nani angemkatalia rafiki yake saini? Ilipoanguka moja ziliburutana.

Nimeitaja riba makusudi. Wapo Waislamu wanaodhani kwamba mkopo wa jamaa kwa jamaa daima ni msafi kuliko wa benki. Wenzhou ilikuwa kinyume.

HONGBAO NA HONGO

Sasa kwa yule bwana wa pili, mwenye kusema kwamba ni hongo tu. Wachina wana bahasha nyekundu iitwayo hongbao, ambayo hutiwa pesa na kupewa watoto mwaka mpya na maarusi harusini. Kufanana kwa neno hilo na hongo yetu ni kwa bahati tu, kwani hong kwao ni nyekundu na bao ni bahasha. Lakini bahati hii inafundisha. Hongo nayo haikuanza kuwa rushwa. Katika siku za misafara, hongo ilikuwa ni ada iliyojulikana ambayo mwenye msafara alimpa mtemi kwa kupita katika nchi yake. Ilitolewa hadharani, ikabishaniwa hadharani. Neno lilioza baadaye, pale ada ilipotolewa chini ya meza kwa mtu ambaye nchi si yake.

Wachina wenyewe hutenganisha mambo haya. Zawadi ya gwanshi hulenga miaka mingi na haitaji jambo. Rushwa hulenga karatasi hii, leo. Walakini mpaka huo ni mwembamba, na siwezi kuwatetea wanaojificha nyuma yake. Mwaka 2014 mahakama ya Changsha iliitoza kampuni ya dawa ya Uingereza, GlaxoSmithKline, faini ya yuan bilioni 3 kwa kuwahonga madaktari na watu wa mahospitali ili dawa zake ziuzwe. Wageni, nao, wakiambiwa kwamba hivi ndivyo ilivyo desturi ya Uchina, hupata kisingizio kizuri cha kufanya walichotaka kufanya.

Desturi hailazimishi hivyo. Ushahidi ni Singapore na Hong Kong. Wengi wa watu wa miji hiyo ni Wachina, wanapeana hongbao, wanachunga uso, wanakula pamoja kwa mafungu ya marafiki. Singapore ilikuwa na idara maalumu ya kupambana na rushwa tangu 1952, na Hong Kong, ambako wakati mmoja hata polisi walikuwa na mgao wao wa rushwa, ikaanzisha tume yake mwaka 1974. Adhabu ikawa ya kweli. Watu hawakuacha kuwa Wachina, na biashara haikufa; ilistawi. Huko Uchina bara, tangu Desemba 2012, chini ya Xi Jinping, karamu za maofisa kwa pesa za umma zilipigwa vita, na mwaka 2013 wakakatazwa hata kununua kwa pesa hizo vile vitumbua vyao vya sikukuu ya mwezi ili kuzawadiana. Mahoteli ya fahari yakalia njaa. Hoteli inayokosa wateja kwa sababu ofisa hawezi tena kutumia pesa ya umma haikuwa ikiishi kwa urafiki.

Wataalamu bado wanabishana kama gwanshi inakufa. Doug Guthrie, aliyewahoji wakuu wa viwanda vya Shanghai, aliandika mwaka 1998 kwamba inapungua kwa kadiri sheria zinavyokua. Mayfair Yang akamjibu mwaka 2002 kwamba haifi, inahama: imetoka kwenye foleni ya nyama imehamia baina ya mwenye mali na mwenye mamlaka. Mimi namwunga mkono Bibi Yang. Ila naongeza kwamba sheria ya mikataba iliyoanza 1999, na ya mali ya 2007, zimempa mtu mdogo chaguo ambalo yule wa kofia nyekundu hakuwa nalo.

MWISLAMU MEZANI

Ndugu zetu wanaokwenda kule hukutana na jambo ambalo vitabu vya Wazungu vya biashara haviligusi. Gwanshi ya Uchina hujengwa mezani, na mezani pana nguruwe na pana pombe kali ya mtama, na kugonga vikombe ni heshima. Wako wanaoona haya wakanywa ili wasimvunjie mwenyeji uso. Mimi naona ni bure. Mchina anaifahamu vizuri sana dini inayokataza vitu hivi, kwa kuwa anayo nchini mwake. Waislamu wa kabila la Hui peke yao walizidi milioni 11 katika sensa ya 2020, na mikahawa yao ya tambi za nyama ya ng'ombe imetapakaa katika miji mingi. Msikiti wa Quanzhou umesimama tangu karne ya 11. Mgeni akisema mapema, kabla ya meza kuandaliwa, kwamba yeye ni Mwislamu na angependa kumkaribisha mwenyeji wake katika mkahawa wa Kihui, hapo yeye ndiye aliyetoa karamu, na deni liko upande wa pili. Chai hugongwa kama pombe.

Katika Guangzhou, Ijumaa, msikiti ulio karibu na kaburi wanalolinasibisha na sahaba Saad bin Abi Waqqas hujaa watu wa kila rangi. Huko na Yiwu, Wahui wengi kutoka majimbo ya kaskazini-magharibi, waliojifunza Kiarabu madrasani kwao, wamekuwa wakalimani na madalali wa wafanya biashara Waislamu. Ni neema, na mtu hupata faraja kusalimiwa kwa salamu yake katika mji wa ugenini. Lakini tufahamu alipokaa dalali katika yale maduara ya Fei. Wewe anakuona mara mbili kwa mwaka. Mwenye kiwanda anamwona kila wiki, na mara nyingi hapo ndipo anapopata ujira wake. Uso wake uko kwa nani, kama si kule?

Na zipo siku ambazo duara hufunga kabisa. Aprili 2020, katika hofu ya maradhi ya korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa katika majumba waliyopanga na mahoteli wakawakataa, wakalala nje. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokwisha kukaa pale miaka. Sidhani kwamba kila Mchina aliyefanya nao biashara alikuwa mnafiki. Urafiki wa kununua na kuuza ulikuwa wimbi la mbali, na wimbi la mbali halikuwa na nguvu mbele ya amri ya mtaa.

Kwa sababu hizo sikubaliani na wale wanaotuhimiza tuige gwanshi. Tunayo yetu, tena tunayo na kitu juu yake. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ile ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na haikuwabagua watu wanaopendana. Mali kauli yetu imekufa mikononi mwa wengi kwa sababu tuliona haya kumwambia ndugu "tuandike", tukaona kwamba kuandika ni kumtuhumu. Mchina wa leo haoni haya hiyo. Atakukaribisha chai, atakuuliza habari za watoto, kisha atatoa karatasi.

Karatasi hiyo isomwe. Mara nyingi masharti ni kulipa asilimia 30 kiwanda kianze kazi, na 70 iliyobaki kabla ya mzigo kuachiliwa. Hiyo 70 ndiyo nguvu pekee ya mnunuzi, nayo isitoke kabla ya mtu wake mwenyewe, ambaye halipwi na kiwanda, kufungua makasha na kuhesabu. Kampuni za Kichina hutumia muhuri wa duara wa rangi nyekundu, nao ndio unaoifunga kampuni kuliko saini ya bwana yeyote aliyekuchekea. Jina lililo katika muhuri huo na jina la akaunti ya benki inayopelekewa pesa yawe ni moja. Yakiwa mawili, na ukaambiwa kwamba akaunti ile ni ya shemeji, pesa zibakie Mombasa mpaka shemeji apatikane katika mkataba.